Kahawa nyeusi tii ndiyo yenye nguvu zaidi?

Kila tunapotoa mafunzo ya chakula na lishe hapa Lamu, swali hili halikosi. Wazee wa barazani hulijibu kabla yetu: ndiyo, kahawa ikiiva ikawa nyeusi ndiyo yenye nguvu. Ukweli ni kwamba uchungu na nguvu ni mambo mawili, na moto hauyagusi sawasawa.

Buni mbichi ni ngumu, rangi yake ya kijani, na ina maji kama asilimia 10 hadi 12. Ikiingia kikaangoni hukauka na kugeuka manjano. Kuanzia nyuzi 150 za Selsiasi hivi, sukari na protini zake huungana, na hapo ndipo inapotoka rangi ya kahawia na harufu inayofika mtaa wa pili. Karibu na nyuzi 200, mvuke uliobanwa ndani huipasua buni ikalia kama bisi. Ukiipua muda mfupi baada ya mlio huo, utapata kahawa ya rangi hafifu, kavu usoni, yenye uchachu wa matunda. Ukiendelea hadi nyuzi 225 hivi, utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka. Mafuta hutoka nje, buni ikang'aa, uchachu ukafa na uchungu ukashika. Ukizidi hapo unakaanga makaa.

Sasa nguvu. Kafeini, ile kemikali inayoipa kahawa nguvu ya kufukuza usingizi, hustahimili moto huo wote, na inayopotea ni kidogo mno. Kinachopungua ni uzito: buni iliyokaangwa kidogo hupoteza kama asilimia 12 hadi 15, iliyokaangwa sana hufika 20 na hata kupita, huku ikivimba na kuwa nyepesi. Kwa hiyo ukipima kwa kijiko, ile hafifu ndiyo itakayokupa kafeini zaidi kidogo. Ukipima kwa mizani, tofauti karibu haipo. Anayekosa usingizi kwa vikombe vya usiku asilaumu weusi, ahesabu vikombe. Mama mjamzito hushauriwa asipitishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, iwe kahawa ya rangi gani.

Je, ipi bora? Buni ya Nyeri au Kirinyaga, hasa ya aina ya SL28 na SL34, inasifika duniani kwa uchachu wake. Kuiunguza mpaka itoe mafuta ni kutupa pesa. Lakini kahawa ya dele, lile birika la muuza kahawa, ni jambo jingine. Inachemshwa, inatiwa tangawizi na iliki, inanyweka na tende au haluwa, na uchachu hapo ungegombana na viungo. Kwa dele, mimi mwenyewe nachagua iliyoiva sana.

Wapo wanaohofia kwamba weusi huleta saratani. Akrilamidi, kemikali inayotajwa sana katika hofu hiyo, huzaliwa mapema katika ukaangaji kisha hupungua kadiri buni inavyoendelea kuiva. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiondoa kahawa katika orodha ya vinavyoshukiwa. Shirika hilohilo likasema kunywa kinywaji chochote cha moto unaozidi nyuzi 65 huenda kukasababisha saratani ya umio. Hilo linatuhusu. Dele la muuza kahawa pale Mkunguni lina makaa chini yake, na kikombe hutua mkononi kikifuka moshi. Kiache kipoe kwanza, mazungumzo hayakimbii. Mwenye lehemu nyingi mwilini naye akumbuke kuwa kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yanayoipandisha.

Ukinunua buni iliyokaangwa, ivunje moja kwa meno utazame ndani. Nje ikiwa nyeusi na ndani bado hafifu, moto ulikuwa mkali kupita kiasi: utapata uchungu wa kuungua na ladha ya ubichi kwa pamoja. Inayong'aa mafuta huchina upesi kwa joto na unyevu wa pwani yetu, kwa hiyo nunua ya kutosha wiki moja au mbili tu, itie kwenye chombo kinachofunga sawasawa mbali na jiko, na utwange siku unayochemsha.