Kushiriki si kushirikishwa

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna ripoti ya misaada isiyo na maneno "jamii imeshirikishwa". Ushiriki wa jamii maana yake ni watu wa mahali kuamua pamoja na shirika nini kijengwe, wapi na kwa fedha kiasi gani, wakiwa na uwezo wa kukataa.

Neno kushiriki limetoka katika Kiarabu, mzizi wa sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzako. Humo ndimo tulimopata shirika, ushirika, mshirika, hata shirki, ile dhambi ya kumwekea Mungu mwenza. Ni neno zito. Mshirika wa biashara anajua kilichomo sandukuni, na hasara ikija inamgusa.

Sasa tazama mnyambuliko. Kushiriki unafanya mwenyewe. Kushirikishwa unafanyiwa. Mtu akiitwa mkutanoni, akasomewa mpango uliokwisha kuchapwa, akatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria na kupewa soda, huyo amearifiwa. Aliyeulizwa ametoa maoni. Aliyebeba mawe kwa malipo ya siku ni kibarua, na ujira ni haki yake, lakini hajaamua lolote.

Hasara ya kutowaachia watu waamue huonekana kwenye robine, yaani bomba la maji la umma. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka robine moja isizidi watu 250, na isiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani. Yote hayo yanaweza kutimia, na bado robine ikasimama juu ya ngazi za mawe ya lava, pasipofika chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Bidoni, yaani dumu la maji, ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushee. Bidoni sita zikiteremshwa moja moja kwa mikono, foleni inakwama. Mwenye chukudu angeliona hilo kabla saruji haijamwagwa.

Chukudu yenyewe, mbao tupu na magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ni ubunifu wa Kivu hasa: waliouhitaji ndio walioubuni. Kuwapa watu kifaa kilichobuniwa kwingine ili wakijaribu, hayo ni majaribio.

Kwa hiyo, komite ikiwa imeona bajeti, ikashika ufunguo wa robine na kuweza kusema "hapana, isogezeni kule", andikeni "wameshiriki". Kama mliuliza tu, "tumeuliza maoni" ni maneno ya heshima na ya kweli. Andikeni hayo.