Mtoto Mwenye Usonji: Familia Ianzie Wapi Kutafuta Msaada

Mzazi wa mtoto mwenye usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na tabia, anapofika katika kituo chetu cha tathmini kwa mara ya kwanza huwa ameshazunguka sana: kwa daktari, kwa mchungaji au shehe, na kwa jirani aliyemhakikishia kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Mtoto hukaa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, wala hageuki anapoitwa. Swali la mama huwa moja tu, iwapo mwanawe atasema. Hilo hatuwezi kulijibu siku hiyo, lakini tunaweza kumwonyesha milango ya kubisha na mpangilio wake.

Nchini Kenya msaada upo, ila umetawanyika katika ofisi mbalimbali, na anayeijua njia huokoa miezi mingi. Mlango wa kwanza ni EARC, yaani vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa ufadhili wa Denmark. Hapo mwalimu wa elimu maalumu humchunguza mtoto na kushauri kama atafaa darasa la kawaida, shule maalumu, au kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, mfano wa kile cha City Primary jijini Nairobi. Mzazi asingoje karatasi za hospitali ndipo aje kwetu, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi katika kumfundisha mtoto kuwasiliana.

Hospitali huja baadaye, kwa ajili ya usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Jopo la madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa hujaza fomu ya tathmini, kisha kadi ya ulemavu hutolewa. Hapa familia nyingi hukosea: hudhani kwamba kadi huleta fedha moja kwa moja. Ruzuku ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, kwa walio na ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, ina uandikishaji wake, na anayejua unafanyika lini ni chifu. Fungua faili moja, weka ndani nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti ya EARC na fomu za hospitali, na usikubali kuacha nakala halisi mezani kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, nguzo ambayo wazazi huidharau ni wazazi wenzao. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwemo, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yaliyobuniwa ili hata asiye mtaalamu aweze kuyaongoza baada ya kufunzwa. Palipo na mafunzo hayo, jiunge; pasipokuwa nayo, wazazi watano wanaokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa wanatosha kuanza. Nimeona kikundi cha namna hiyo kikifanya jambo ambalo ofisi yetu haiwezi kulifanya. Mama mmoja alibaki na watoto wawili, wake na wa mwenzake, akijua tayari kwamba yule wa pili hula ugali pasipo kuguswa na mchuzi na huziba masikio pikipiki ikipita, na mwenzake akaenda nyumbani kulala saa mbili mfululizo.