Namba zinaoana: maana yake unaponunua gari la zamani la spoti kwenye mnada wa mtandaoni

Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer huko Marekani, Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa kwa dola 310,000. Magari hayo yalipoingia sokoni nchini humo yaliuzwa dola 3,500 na ushei. Kwa idadi si gari adimu, kwani Nissan, wenye jina la Datsun, walitengeneza zaidi ya laki moja. Kilichokuwa adimu ni hali ya gari hilo moja: lilitembea kidogo mno kwa umri wake, na sehemu kubwa ya kilichotoka kiwandani kilikuwa bado mahali pake.

Ukisoma maelezo ya magari ya aina hii utakutana na maneno "matching numbers". Kwa Kiswahili tuseme namba zinaoana. Maana yake ni kwamba injini iliyomo ndani ya gari ni ile ile iliyofungwa kiwandani gari lilipoundwa, na ushahidi wake ni namba iliyogongwa kwenye chuma. Wengine huingiza gia boksi kwenye hesabu, wengine na difu, wengine hawatosheki mpaka bodi. Hakuna sheria inayosema orodha inaishia wapi, kwa hiyo muuzaji akiandika namba zinaoana, swali la kwanza ni: namba zipi?

Tusichanganye jambo hili na lile tulilolizoea. Kadi ya gari lako ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikifa, fundi akakufungia ya mtumba kutoka Japani, unatakiwa ukabadilishiwe taarifa kwenye kadi. Ukishafanya hivyo, kadi na gari vinasema kitu kimoja, na askari barabarani hana neno. Kwa mkusanyaji wa magari ya zamani, hapo bado hujamwambia lolote. Yeye anataka chuma kilichopo leo kipatane na kumbukumbu za kiwanda za miaka 50 au 60 iliyopita.

Chukua Chevrolet Corvette ya 1967 yenye injini kubwa, maana Wamarekani ndio walioigeuza kazi hii kuwa elimu kamili. Bloku ya injini ina tarehe ya siku ilipomiminwa kwenye kalibu. Ikiandikwa D 5 7, D ni mwezi wa nne, 5 ni tarehe, 7 ni mwaka 1967. Halafu mbele ya injini, upande wa kulia, pana kijukwaa kidogo cha chuma kilicholainishwa, nacho kimegongwa namba nyingine. Tuseme inasomeka T0415JE. T ni kiwanda cha Tonawanda, 0415 ni siku injini ilipounganishwa, yaani 15 Aprili, na JE inataja ni injini ya aina gani. Kando yake hugongwa namba inayotokana na namba ya chesisi ya gari lenyewe.

Hapo ndipo akili inapofanya kazi. Bloku imiminwe kwanza, injini iunganishwe baadaye, gari liundwe mwisho. Kibao cha bodi kikionyesha gari liliundwa mwanzoni mwa Aprili, na injini iliunganishwa tarehe 15, basi mtoto amezaliwa kabla ya mama. Namba zote zinaweza kuwa halisi, kila moja kwa nafasi yake, na bado haziwezi kuwa za gari moja.

Kuna na walaghai. Mtu anatafuta bloku ya mwaka ule ule, anasaga namba iliyopo, anagonga anayoitaka. Kinachomuumbua mara nyingi ni uso wa chuma wenyewe. Mashine ya kiwandani ilipolainisha kijukwaa kile iliacha mistari myembamba iliyonyooka sambamba, na namba ziligongwa juu ya mistari hiyo. Jiwe la kusagia huifuta. Ukiona namba safi juu ya chuma kilichong'aa kama kioo, au mikwaruzo inayozunguka, una haki ya kusita. Lakini usikimbilie kumwita mtu mwizi. Kijukwaa kile kiko usawa mmoja na uso wa bloku unapokaa silinda hedi, na karakana ikiunyoosha uso huo wakati wa kuifanyia injini matengenezo makubwa, namba huondoka pamoja na chuma. Injini inabaki ile ile ya kuzaliwa nayo, ushahidi ndio uliopotea. Mwenye gari kama hilo namwonea huruma kweli, maana sokoni atachukuliwa karibu sawa na aliyebadili injini.

Kila kampuni ina mtindo wake. Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961, ina kibao kinachobeba namba ya gari, ya injini, ya bodi na ya gia boksi, na unaweza kuomba cheti kinachotolewa kutoka kwenye kumbukumbu za Jaguar ukalinganisha. Kibao ni rahisi kukiigiza, ndiyo maana cheti ndicho kinachosikilizwa. Kwenye Datsun 240Z, kibao kilichomo chini ya boneti kinataja chesisi na injini, na injini yenyewe imegongwa namba pembeni mwa bloku. Porsche 911 Carrera RS ya 1973, toleo maalum la 911, ni kisa cha namna yake: watu wamekuwa wakizigeuza 911 za kawaida ziwe RS, mpaka na lile bawa la nyuma lililobinuka kama mkia wa bata. Bawa hilo linanunulika. Namba ya chesisi inayoanza na 911360, ambayo ndiyo ya RS, hainunuliki kwa njia ya halali bila kununua gari lake.

Yapo pia maneno ya jirani yanayotumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Injini ya rika lake ni injini ya aina sahihi na ya miaka sahihi, ila ilizaliwa ndani ya gari jingine. Gari ambalo halijaguswa ni lile lenye rangi na viti vya tangu mwanzo. Hilo laweza hata kuwa limebadilishwa injini, ingawa ni nadra. Gari lililofufuliwa linaweza kuwa na namba zinazooana na rangi ya juzi. Muuzaji mwaminifu husema wazi gari lake liko fungu gani. Akizungukazunguka, mwulize tena kwa maandishi.

Na jambo moja wanunuzi wapya hulisahau: namba hazisemi kitu kuhusu uzima wa gari. 240Z zinajulikana kwa kutu, sakafuni na kwenye reli za chini. Namba zinaweza kuoana vizuri kabisa huku sakafu ikipitisha kidole. Kwenye mnada wa mtandaoni huwezi kulitia kidole, kwa hiyo picha za uvungu zina thamani kuliko picha 20 za gari likiwa ufukweni jioni. Omba picha ya namba iliyogongwa, iliyopigwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni ili mikwaruzo ionekane. Omba picha ya tarehe ya bloku, ya kibao, ya hati. Kama fedha ni nyingi, mlipe mkaguzi aliye mji lilipo gari aende akalitazame.

Magari ya mashindano yanavuruga hesabu hii yote. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, na anayejua barabara za Afrika Mashariki za miaka ile hahitaji kuambiwa injini za magari ya timu ziliteseka kiasi gani. Gari la mashindano kubadilishwa injini ni sehemu ya maisha yake. Bei yake inabebwa na historia: nani aliliendesha, lilishinda wapi, na kama mlolongo wa wamiliki haujakatika.

Hoja hiyo ilifika mahakamani London mwaka 1990. Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, 1929 na 1930, ilikuwa imeuzwa kwa makubaliano ya pauni milioni 10, kisha mnunuzi akagoma akisema gari analopewa si lile. Ni kweli kwamba kidogo sana kilikuwa kimebaki cha mwaka 1929, maana gari lilikuwa limebadilishwa vipande mwaka hadi mwaka likiwa bado linashindana. Jaji aliamua kuwa hata hivyo ndilo Old Number One, kwa sababu mabadiliko yalifuatana bila kukatika na hakuna gari jingine lililoweza kulidai jina hilo. Namba zake zingepimwa kwa kipimo cha Corvette, lisingefika popote.

Sasa pesa. Unapotafuta bei, angalia mauzo yaliyopita ya magari ya fungu lile lile tu: zinazooana kwa zinazooana, zilizobadilishwa kwa zilizobadilishwa. Ile dola 310,000 iliwafanya wenye 240Z zilizooza nyuma ya nyumba wajione matajiri kwa muda, na wengine wakaweka bei za siri, yaani bei ya chini kabisa ambayo muuzaji atakubali kuuza, ambazo hakuna dau lililozifikia. Mauzo ya gari moja bora kuliko yote hayakwambii bei ya gari la kawaida. Kwenye Bring a Trailer, dau likitolewa ndani ya dakika 2 za mwisho, saa hurudishwa kuwa dakika 2, na mchezo unaendelea mpaka mmoja achoke. Kiwango chako kipange kabla ya hapo, ukiwa umeshaweka ndani ada ya mnunuzi, meli na ushuru.

Kama unachotaka ni kuendesha, gari ambalo namba zake hazioani si la kulidharau. 240Z nyingi zimevuliwa injini yake ya lita 2.4 zikafungwa ya lita 2.8 kutoka kwa ndugu yake 280Z. Mkusanyaji akiona hivyo anageuza uso. Wewe unalipata kwa bei ya chini, na mlimani linapanda vizuri zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani.