Metadata za maikrobiomu: yanayodhaniwa na ukweli wake

"Data ni mfuatano wa DNA. Metadata ni makaratasi, tutayajaza baadaye."

Maikrobiomu ni jumla ya vijidudu vya mahali fulani, kama utumboni, na metadata ni taarifa zinazoieleza sampuli. DNA inaweza kusomwa upya mwakani, mradi kipande cha sampuli kimebaki kwenye friza. Siku ambayo mtu alimeza antibiotiki kwa mara ya mwisho haimo ndani ya DNA hiyo, na akiulizwa baada ya miezi sita atakisia tu. Kwa hiyo fomu ijazwe sampuli ikiwa bado mkononi: tarehe na saa ya kuchukuliwa, saa iliyoingia kwenye baridi, kihifadhi, dawa, umri na mlo. Kwa kinyesi, ongeza namba yake kwenye kipimo cha Bristol, kinachopanga kinyesi kwa ugumu na ulaini, 1 hadi 7. Wengi huiruka namba hiyo, na wanakosea: ulaini wa kinyesi hudokeza muda ambao chakula kimekaa utumboni, na muda huo huathiri sana aina za bakteria watakaoonekana.

"Kusanifisha ni kulazimisha maabara zote zifuate njia moja."

Hii ndiyo dhana inayowakimbiza watu wengi, na haina msingi. Udongo hauwezi kuchukuliwa kama mate. Viwango vya MIxS, vilivyochapishwa mwaka 2011 na Genomic Standards Consortium, ni orodha ya taarifa za lazima: sehemu moja ya sampuli zote, kisha nyongeza kwa kila mazingira, kama maji, udongo au utumbo wa binadamu. Havikuchagulii praima, yaani kipande kifupi cha DNA kinachoamua ni sehemu gani itakayonakiliwa na kusomwa. Vinakutaka useme ulitumia ipi.

Na kusema jina peke yake hakutoshi. Praima iitwayo 806R, inayotumika sana kusoma eneo la V4 la 16S, jeni inayotumika kutambua bakteria, ina matoleo mawili. La kwanza halikushika vizuri bakteria wa baharini wa kundi la SAR11, ndipo herufi ya nane ikabadilishwa kutoka H (A, C au T) kuwa N (herufi yoyote). Makala inayotaja "806R" tu inamwacha msomaji bila kujua ni ipi. Andika mfuatano mzima wa praima, herufi kwa herufi.

Kutoa DNA kwenye sampuli nako ni hivyohivyo. "Tulifuata maelekezo ya kiti" haielezi kitu (kiti hapa ni "kit", seti ya kemikali iliyoandaliwa tayari). Bakteria wa Gramu chanya wana ukuta mnene. Wasipopondwa kwa shanga ndani ya mashine ya kutikisa, DNA yao hutoka kidogo na wataonekana wachache kuliko walivyo. Taja kipenyo cha shanga, kasi ya mashine, dakika, na namba ya bechi ya kiti.

"Bila friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, sampuli haifai."

Ethanoli ya asilimia 95 huhifadhi kinyesi vizuri kwa majuma kadhaa katika joto la kawaida. Ya asilimia 70 haifanyi hivyo, kwa hiyo asilimia iandikwe. Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya: wagonjwa kwenye friza, wenye afya kwenye ethanoli. Hapo hakuna takwimu itakayotenganisha ugonjwa na kihifadhi.

"Sampuli tupu ni kupoteza pesa."

Vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vina DNA ya bakteria. Utafiti wa mwaka 2014 ulichukua bakteria wa aina moja tu, Salmonella bongori, na kuwazimua hatua kwa hatua. Kadiri walivyopungua, ndivyo bakteria wa vitendanishi walivyotawala matokeo. Ralstonia na Bradyrhizobium ni wageni wa kawaida wa aina hiyo. Kila bechi ya utoaji wa DNA iwe na mrija mmoja usio na sampuli, usomwe pamoja na mingine, na matokeo yake yawekwe hadharani.

"Lahajedwali iko wazi, kila mtu ataielewa."

03/04/2024 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine, andika 2024-04-03. Sampuli iliyopewa jina 1-5 hugeuzwa kuwa tarehe bila onyo, basi fanya safu iwe ya maandishi kabla ya kuchapa chochote. Ukiburuta seli ya latitudo kwenda chini, programu inaweza kuongeza digrii moja kila mstari, na kituo kimoja kikatawanyika kwa zaidi ya kilomita 100 kila hatua.

Seli tupu nayo ni tatizo. Je, hakupimwa, alikataa kujibu, au swali halimhusu? Kila jibu liwe na neno lake, na sifuri ibaki kwa kilichopimwa kikawa sifuri.

"Uwazi ni kutoa kila kitu."

Mate yana DNA nyingi ya binadamu. Ukisoma DNA yote iliyomo, ondoa DNA ya mtu mwenyewe kabla ya kuweka faili kwenye kanzidata ya umma. Desimali 4 za digrii huonyesha mahali kwa takriban mita 11, zinafaa kwa shimo la udongo. Kwa makazi ya mtu punguza hadi 2, takriban kilomita moja, au chache zaidi kama kijiji ni kidogo.