Kengele ya mtambo wa maziwa: ipangwe ilie lini?

Katika ukaguzi wa viwanda vidogo vya maziwa, mara nyingi tunakuta kidhibiti joto ni kizima kabisa, ila alamu zake ziko vilevile zilivyotoka dukani. Kwingine zimezimwa kwa kuwa "zinasumbua".

Mtambo wa mfululizo, unaoua vijidudu maziwa yakipita bila kusimama, hupasha maziwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kuyashikilia kwenye joto hilo kwa sekunde 15. Sensa hukaa mwishoni mwa bomba la kushikilia joto. Joto likishuka chini ya hapo, valvu huyarudisha maziwa kwenye tangi la mwanzo.

Kosa kubwa huanzia kwenye aina ya alamu. Ile ya tofauti hulia joto likiachana na joto lengwa, tuseme kwa nyuzi 2. Mafundi wanaipenda kwa sababu hujirekebisha yenyewe. Sasa mtu wa zamu ya usiku akishusha joto lengwa kutoka 75 hadi 71 ili kubana matumizi ya mvuke unaopasha maziwa, alamu nayo inashuka hadi 69, na valvu inayoitegemea haishtuki. Valvu ipewe alamu ya kiwango kisichobadilika, 72, iliyofungwa kwa nenosiri. Ya kumwonya mwendeshaji iwekwe juu kidogo, mfano 73.5, apate nafasi ya kuangalia mvuke.

Joto likichezacheza kwenye 73.5, rilei (swichi ya umeme inayoendesha alamu) itawaka na kuzima mfululizo. Dawa yake ni kuacha pengo la kurudi: ilie chini ya 73.5, inyamaze ikifika 74. Kuchelewesha onyo kwa sekunde chache si vibaya. Alamu ya valvu isicheleweshwe hata kidogo. Maziwa yakifika kwenye sensa, sekunde zake 15 zimekwisha.

Wala usiwashe kila alamu iliyomo kwenye menyu. Mwaka 1994, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walimiminiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Alamu isiyomtaka mtu afanye jambo ni kelele tu.

Waya wa sensa ukikatika, vidhibiti vingi husoma joto la juu kabisa. Alamu ya joto la chini itanyamaza, huku maziwa yanazidi kupoa. Kwa hiyo washa alamu ya sensa kukatika na uiunge na valvu ileile. Rilei ipangwe iachie (ikose umeme) wakati wa hatari, ili hata umeme ukikatika valvu irudishe maziwa.

Kisha jaribu, maji yakizunguka badala ya maziwa. Kwa sensa ya Pt100, ambayo ukinzani wake hupanda na kushuka pamoja na joto, ukinzani wa omu 127.8 ni sawa na nyuzi 72. Ushushe polepole kwa kifaa cha kuigiza sensa huku mwenzako akiitazama valvu, si skrini. Halafu chomoa waya mmoja wa sensa. Valvu ikikosa kugeuka katika jaribio lolote kati ya hayo mawili, maziwa yasipite hapo siku hiyo.