Uzito wa meza ya kusomea si kipimo cha uimara

Wengi huamini kwamba meza nzito ndiyo imara. Lakini ubao wa chembechembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi kwa kawaida ni mzito kuliko mbao ya paina, na bado skrubu hulegea humo mapema, hasa meza ikifunguliwa na kufungwa upya kila mwanafunzi anapohama. Ubao huo ukilowa huvimba, na haurudi hali yake.

Uimara uko kwenye maungio. Shika kona, sukuma kushoto na kulia: ikiyumba dukani, chumbani itazidi. Kisha inama utazame upande wa chini, ambao mara nyingi haupakwi rangi. Utaona kama ni nyuzi za mbao au chembe. Tafuta pia mbao inayounganisha miguu ya nyuma. Ikikosekana, seremala anaweza kuiongeza.