Bluzi ya mjini ni nini? Msikilize Leroy Carr

Ukitaja bluzi, muziki uliozaliwa kwa Wamarekani weusi, wengi huwaza mzee mwenye gitaa moja, amekaa barazani Mississippi, sauti imekwaruza. Hiyo ni bluzi ya shamba. Ya mjini ni nduguye aliyevaa suti: piano inashika mdundo, gitaa linajibu kwa juu nota mojamoja, na mwimbaji hapazi sauti. Anaimba kama anayekueleza jambo lake mkiwa wawili tu.

Aliyeipa sura hiyo kuliko wengine, kwa maoni yangu, ni Leroy Carr, mzaliwa wa Nashville aliyeishi Indianapolis. Juni 1928, yeye na mpiga gitaa Scrapper Blackwell walirekodi "How Long, How Long Blues" kwa lebo ya Vocalion, na santuri hiyo ikauzwa kwelikweli.

Upole wa sauti yake una sababu ya kifundi. Hadi katikati ya miaka ya 1920, msanii aliimba mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti, na asiyepaza hakusikika. Maikrofoni ilipoingia studio, mtu wa sauti laini akapata nafasi. Carr akaitumia vizuri.

Utunzi wenyewe nao ni wa kubana. Bluzi iliyozoeleka huwa na vipimo 12 vya mapigo manne manne: mstari, mstari uleule tena, kisha jibu. "How Long" ina vipimo 8 tu. Mpenzi ameondoka na treni ya jioni, na kila ubeti unaishia kwenye swali lilelile la muda gani. Piano ya Carr haina mbwembwe. Inatembea taratibu, ikimwachia Blackwell mianya ya kupenyeza gitaa lake, tena kwa ukali kidogo. Bila ukali huo utamu ungezidi.

Carr alifariki Aprili 1935, akiwa bado kijana. Pombe ilikuwa imemmaliza. "How Long" ulikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza alizojifunza Muddy Waters, nguli wa bluzi. Mwimbaji Ray Charles aliurekodi, na mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton naye akaurekodi katika albamu yake ya 1994.

Kinachonichekesha ni Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa Mississippi ambaye hutajwa kama kielelezo cha bluzi ya shamba. "Love in Vain" yake ya 1937 imejengwa juu ya mahadhi ya "When the Sun Goes Down", wimbo ambao Carr aliurekodi miezi michache tu kabla ya kufa. Huko shamba walikuwa wakisikiliza santuri za mjini.